Milimita Tisini

Ukienda Kirinyaga Road kununua jeki, swali la kwanza utakaloulizwa ni la tani. "Ya ngapi, kaka? Tani mbili? Tatu? Tano?" Muuzaji anauliza hivyo kwa sababu wanunuzi wengi huja na hofu ile ile: gari ni zito, jeki isije ikashindwa. Uzito unaeleweka haraka. Lakini ukiwa na gari la chini, lile la milango miwili linalovuka matuta ya barabarani kwa mshazari, polepole, kama mtu anayeshuka ngazi na viatu vya kisigino, tani hazikusumbui sana. Kinachokusumbua ni milimita.

Chukua Toyota 86. Uzito wake ni kilo 1,200 na kidogo. Ukiinua pua yake peke yake, karibu nusu ya uzito huo inabaki imebebwa na magurudumu ya nyuma, kwa hivyo jeki inabeba kilo mia sita na kitu. Jeki ya tani mbili inafanya kazi hiyo ikipiga miayo. Sasa inama uangalie chini. Gari hilo likitoka kiwandani lina nafasi ya milimita 130 hivi kati ya tumbo na lami. Vijana wengi walio nalo hapa Nairobi hawaliachi hivyo. Wanatafuta springi fupi, wanalishusha kama inchi moja na nusu, na nafasi inabaki milimita tisini. Ile jeki nyekundu ya magurudumu madogo, ya tani mbili, ambayo karibu kila duka la vipuri linayo, kisahani chake cha juu kikiwa kimeshuka kabisa kinasimama kwenye milimita 130 na ushei. Haiingii. Unaweza kuisukuma, kuibembeleza, kuitukana. Haiingii.

Mimi mwenyewe gari sina, na hata leseni sijatafuta. Habari za milimita hizi nilizijua kwa sababu ya kuandika. Naandikia tovuti za watu nisiowajua, wa nchi nisizofika. Wiki hii ni magodoro, wiki ijayo ni chakula cha mbwa wenye mzio, wiki nyingine ni mashine za kukata nyasi kwenye nyua ambazo sitawahi kuzikanyaga. Mhariri wa ng'ambo ananitumia kichwa cha makala, idadi ya maneno na siku ya mwisho. Mwaka jana akanitumia hiki: jeki bora za sakafuni kwa magari ya michezo yaliyo chini. Maneno 1,500, siku tatu. Malipo ni senti moja na nusu ya dola kwa neno, yaani dola 22.50, kabla M-Pesa na wale wa katikati hawajachukua chao.

Tunaofanya kazi hii tunajua namna inavyofanywa. Unafungua makala kumi za wenzako, ambao nao walifungua makala kumi za wenzao, unachota hapa na pale, unapanga upya. Lakini kwa jeki nilikuwa na bahati ambayo sikuwa nayo kwa chakula cha mbwa. Nina anko.

Anko ni ndugu yake mama. Gereji yake iko Eastlands, kiwanja cha udongo kilichozungushiwa mabati, kontena moja la kufungia vifaa, na mti mmoja wa mwarubaini ambao ndio ofisi. Mimi ananiita Injinia. Alianza kuniita hivyo siku barua ya chuo ilipokuja, nimechukuliwa kusomea uhandisi wa mitambo, na akaendelea hata baada ya mwaka wa pili, wakati karo ilipogoma na mimi nikarudi nyumbani na begi. Kuna kipindi jina hilo lilikuwa linanichoma. Siku hizi naitika.

"Habari ya asubuhi, Anko."

"Injinia! Umekuja kunisaidia ama umekuja kula?"

"Nimekuja kuuliza kuhusu jeki."

Alicheka. Kisha akaona nimeshika daftari, akaacha kucheka.

Bahati nyingine ni kwamba siku hiyo kulikuwa na 86 nyeupe imekuja kubadilishwa pedi za breki. Mwenyewe alikuwa ameshaondoka, ameacha ufunguo. Anko akaniambia nitazame kwa macho kwanza kabla sijaandika chochote.

Kitu cha kwanza alichokifanya kilikuwa kuleta vipande vinne vya mbao za saiprasi, unene wa inchi mbili, vilivyochongwa mshazari upande mmoja. Akaviweka mbele ya magurudumu yote manne, akaliendesha gari pole pole mpaka likapanda juu yake, halafu akazuia magurudumu kwa mawe. Hapo alikuwa ameongeza milimita hamsini kwa mbao ambazo hazikumgharimu chochote. Ile jeki nyekundu, ambayo dakika mbili zilizopita ilikuwa haiingii, ikapita chini ya bampa bila kugusa. Nikaandika kwenye daftari: ubao wa inchi mbili unaweza kukuokolea shilingi elfu kumi na nne. Ndiyo bei niliyokuwa nimeambiwa ya jeki ya chini, ile ambayo kisahani chake hushuka hadi milimita 75 au 80.

"Kwa hivyo hiyo jeki ya bei hakuna haja nayo?" nikamuuliza.

"Haja iko. Ingia chini uangalie."

Nikalala kifudifudi. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo makala kumi nilizozifungua zilikuwa zimelitaja kwa mstari mmoja tu. Kushuka chini hakutoshi. Jeki lazima pia iwe ndefu.

Gari la aina hii linataka kuinuliwa katikati. Mbele, ni kwenye krosimemba, ule mhimili wa chuma unaokatiza chini ya injini kutoka upande mmoja hadi mwingine. Nyuma, ni kwenye difu. Sehemu nyingine zinadanganya macho. Sampu ya mafuta ya injini iko pale pale karibu, inaonekana imara, na ukiweka jeki hapo utabonda bati jembamba na injini nzima itakuwa inakulilia. Zile plastiki nyeusi za kuziba upepo nazo hazibebi hata mtoto. Sasa, krosimemba haiko mdomoni. Kutoka kwenye ncha ya bampa hadi pale ni karibu urefu wa mkono wa mtu mzima. Jeki fupi, hata ikiwa imeshuka vizuri kwenye kisahani, mgongo wake nyuma ya kisahani huinuka haraka, na mgongo huo ndio unaogonga bampa kabla kisahani hakijafika. Na hata kikifika, mkono wa kupampia unakuwa umebanwa, unausogeza kidogo tu, pampu haivuti mafuta ya kutosha. Jeki ndefu ya chini inaingia yote mpaka krosimemba, na mkono wake unabaki nje, huru, ukipanda na kushuka.

Nikauliza kwa nini wasiinue tu pembeni, pale kwenye ukingo wa bodi chini ya mlango, ambapo jeki ya mkasi inayokuja na gari huwekwa. Anko akaniuliza swali badala ya kunijibu.

"Ukiweka jeki hapo, stendi utaiweka wapi?"

Hilo sikuwa nimeliona popote. Ule ukingo una sehemu mbili kila upande zilizoimarishwa kubeba gari. Hizo ndizo nafasi za stendi. Jeki ikikalia nafasi ya stendi, stendi inakosa mahali pa kukaa, na fundi anaanza kubahatisha: anaiweka kwenye mkono wa saspensheni, anaiweka kwenye bati, ama haweki kabisa na kujiambia ni dakika kumi tu. Ukiinua katikati, pande zote mbili ziko wazi. Kwa hivyo urefu wa jeki, kitu ambacho kwenye duka kinaonekana kama mbwembwe, ndio unaoamua kama stendi zitakaa au hazitakaa.

Alipokuwa anapampu, nikakumbuka ubao wa chuo. Mwaka wa kwanza, muhula wa pili, mhadhiri alichora mabomba mawili yaliyounganishwa, moja jembamba na moja nene, akaandika jina la Pascal. Kanuni yenyewe ni ya karne ya 17: shinikizo ndani ya kioevu kilichofungiwa huenea sawa kila upande. Kama pistoni kubwa ina kipenyo mara nne ya ndogo, eneo lake ni mara kumi na sita, na nguvu nayo inazidishwa mara kumi na sita. Joseph Bramah aliitumia Uingereza kutengeneza mashine ya kukandamiza mwaka 1795. Richard Dudgeon, fundi wa New York, alipata hataza ya jeki ya mafuta inayobebeka mwaka 1851. Nilipata alama nzuri kwenye mtihani huo. Lakini darasani hakuna aliyesema kwamba kinachozuia kilo mia sita zisirudi chini ni kipete cha mpira kidogo kuliko pete ya kidole, na valvu moja ya kushushia ambayo mchanga ukiingia haifungi sawasawa.

"Jeki ni ya kuinua," Anko aliniambia. "Si ya kushikilia."

Ana msemo mwingine kuhusu ardhi. Jeki ya troli ina magurudumu kwa sababu: kisahani hakipandi wima, kinapanda kwa kuzunguka kama mkono wa mtu anayeinua sufuria, kwa hivyo kadiri kinavyopanda, jeki inataka kusogea kuelekea gari. Kwenye sakafu ya simiti inateleza yenyewe, huoni. Kwenye udongo au kokoto magurudumu yanazama, jeki inakataa kusogea, na badala yake kisahani ndicho kinachoteleza kwenye gari. Unaona jeki imesimama sawa, kumbe inajing'oa. Kwenye kiwanja chake cha udongo, Anko ana bati nene la chuma, upana wa mlango, ambalo jeki yoyote ya magurudumu lazima ikae juu yake, na mabati madogo manne ya kuwekwa chini ya stendi. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi hakuna gari linaloinuliwa mpaka apige ardhi teke mara mbili tatu. Anasema ardhi ni kama mdeni, usiiamini mpaka uijaribu.

Halafu kuna akala. Makala za Marekani zote hushauri uweke kipande cha mpira kati ya kisahani na gari ili chuma kisikwaruze chuma, na wengi husema utumie lile gurudumu dogo jeusi la mchezo wa magongo wa kwenye barafu. Nilicheka peke yangu kwenye kochi niliposoma. Anko anatumia kisigino cha akala, kilichokatwa mviringo, na kingine kilichochanjwa mfereji katikati ili ule ukingo wa chini ya mlango uingie kwenye mfereji usipondeke. Mpira wa tairi umeshabeba gari maisha yake yote, hauna kigeni.

Niliandika yote hayo. Kufikia jioni nilikuwa na kurasa tisa, na ndipo binamu yangu alipofika.

Binamu ni mtoto wa pili wa Anko. Ana duka la M-Pesa upande wa pili wa barabara, na kila siku akifunga, hupitia gereji kabla ya kwenda nyumbani. Haingii sana. Anasimama kando ya gari lililoinuliwa, anaweka kiganja kwenye boneti au kwenye mlango, analisukuma, si kwa nguvu nyingi, anatazama stendi, anasukuma tena kutoka upande mwingine. Akimaliza anasalimia watu. Kila mtu pale amezoea, hata wateja. Anko humngoja amalize kabla ya kumwambia lolote.

Alikuwa fundi, na mzuri kuliko baba yake, baba yake mwenyewe husema. Alifanya kazi kwenye gereji nyingine, ya mtu mwingine, kwa miaka mitatu. Siku hiyo ilikuwa Probox, jeki ya chupa juu ya jiwe, na yeye chini akifunga bomba la ekzosi. Usiku wake ilikuwa imenyesha. Hakuna aliyeligusa gari, hakuna aliyelisukuma. Jiwe lilizama upande mmoja kiasi cha kidole, jeki ikainama, gari likashuka. Lilimpata kifuani na begani. Vijana wanne walilinyanyua kwa mikono, jambo ambalo hawajui walilifanyaje. Mbavu tano. Pafu moja. Wiki tatu wodini na kundi la WhatsApp la mchango lenye watu mia na arobaini, wengi wao wakiandika "nimetuma kidogo nilichonacho" na alama ya mikono miwili iliyounganishwa. Mwenye gereji alituma elfu mbili na maneno ya kumwachia Mungu.

Siku hizi anapanda ngazi kwa vituo. Akicheka sana anakohoa. Chini ya gari haingii.

Nilimwonyesha daftari langu. Alisoma pole pole, akirudisha kurasa, kisha akauliza, "Hao watu wako wa Marekani, wana stendi?"

Nikamwambia wengi wanazo, zinauzwa kila mahali, jozi kwa jozi. Nikamwambia pia kwamba hata huko zinaweza kuwa na kasoro: mwaka 2020 kampuni moja kubwa ya vifaa iliwaita wateja warudishe zaidi ya stendi milioni moja kwa sababu meno ya kushikilia yangeweza kuachia.

"Kwa hivyo wao wakipata mbovu wanaitwa warudishe."

"Ndio."

"Sisi tunaitiwa mchango," alisema, akanirudishia daftari.

Niliandika makala kwa siku mbili. Ilifika maneno 1,700. Nilianza na kimo cha chini, nikaja kwenye urefu, nikaja kwenye uzito wa jeki yenyewe, kwa sababu ya aluminiamu ya tani moja na nusu inaweza kuwa na kilo 15 hivi na mtu mmoja akaibeba hadi kwenye buti, wakati ya chuma ya tani tatu hupita kilo 35 na inakuwa samani ya gereji. Nikaeleza kwa nini kwa gari la kilo 1,200 hakuna sababu ya kulipia tani tano. Nikamalizia na sehemu ya maneno mia nne kuhusu stendi, mawe na ardhi.

Mhariri alijibu siku hiyo hiyo. Aliipenda. Aliomba jambo moja tu: sehemu ya mwisho ikatwe ibaki sentensi moja ya tahadhari, kwa sababu msomaji aliyekuja kununua jeki asicheleweshwe kufika kwenye viungo vya kununulia. Hakuwa mkali. Kwa hesabu yake alikuwa sahihi, maana mimi na yeye sote tunalipwa na viungo hivyo.

Wakati huo huo, Jumamosi ya wiki hiyo, mwenye ile 86 nyeupe alirudi. Alitaka mafuta ya gia boksi yabadilishwe, na alikuwa na safari ya Naivasha saa nane. Ilikuwa saa tano na nusu. Anko ana jozi mbili za stendi, na jozi moja ilikuwa chini ya Noah iliyofunguliwa saspensheni ya mbele yote, haiwezi kwenda popote.

"Bosi, hii nitaifanya jioni, ama kesho asubuhi nianze na wewe," Anko akamwambia.

"Mzee, ni mafuta tu. Piga jeki mbele, uingie, utoke. Dakika kumi."

"Gari likiinuka pua, mafuta ya gia yanakimbilia nyuma. Kizibo cha kujazia ndicho kipimo: unajaza mpaka yaanze kumwagika hapo. Likiinama, kipimo kinadanganya. Linataka kulala sawa kama maji kwenye sinia, na hiyo ni stendi nne. Niko na mbili."

Nilikuwa nimekaa chini ya mwarubaini na nilisikia kila neno. Hakutaja mvua, hakutaja Probox, hakutaja mtoto wake. Alitoa sababu ya gari, kwa sababu mwenye gari husikiliza sababu za gari. Na ilikuwa sababu ya kweli.

"Elfu nne naweka sasa hivi," jamaa akasema, ameshatoa simu.

Elfu nne kwa mafuta ya gia ni pesa ya maana. Kodi ya kiwanja ilikuwa imechelewa siku sita, hilo nilikuwa nalijua kwa sababu mama alinituma nimwulize Anko kama anahitaji kitu. Anko alitazama ile Noah. Akatazama bati lake la chuma.

"Jioni, bosi."

Jamaa akasema sawa kwa sauti ya mtu ambaye si sawa, akaingiza gari gereji ya tatu kutoka pale. Tuliiona kutoka tulipokaa. Kijana wa pale alipandisha pua kwa jeki moja, akaingia chini akitumia boksi la katoni kama mkeka, akatoka. Dakika kumi na tano. 86 ikaondoka kuelekea Naivasha ikinguruma vizuri.

Hakuna kilichotokea. Nataka kulisema hilo wazi, kwa sababu hadithi za aina hii watu hutarajia zimpe haki mzee. Kijana alitoka chini mzima, mwenye gari alifika safari yake, na elfu nne zikaingia kwenye simu ya jirani. Mara nyingi mno hakuna kinachotokea. Binamu yangu naye aliingia chini ya magari mamia kwa miaka mitatu, juu ya mawe ya kila aina, na hakuna kilichotokea, mpaka siku moja. Hicho ndicho kinachofanya jambo hili kuwa gumu kufundisha. Kila siku inayopita salama inamwambia kijana kwamba stendi ni woga wa wazee.

Nilimwambia Anko kuhusu mhariri. Alikuwa anafunga kontena.

"Ulipowaambia jeki iwe ndefu, uliwaambia ni kwa nini?"

"Niliwaambia ni ili ifike krosimemba."

"Na inafika krosimemba ili?"

Nilirudi nyumbani nikafungua kompyuta. Nilikata sehemu ya mwisho kama nilivyoombwa, nikaacha sentensi moja. Halafu nikarudi juu. Pale penye urefu wa jeki, nikaandika kwamba jeki ifike katikati ili nafasi za pembeni zibaki wazi kwa stendi. Pale penye kimo cha juu, nikaandika kwamba namba inayofaa haipatikani kwenye boksi la jeki: pima stendi zako zikiwa zimeshuka kabisa, ongeza nafasi ya kuziingiza, na jeki isiyofika hapo usinunue. Pale penye magurudumu ya jeki nikaeleza kuteleza kwa kisahani kwenye ardhi laini. Pale penye valvu nikaeleza kile kipete cha mpira. Kufikia mwisho hapakuwa na sehemu ya usalama ya kukatwa. Ilikuwa imegeuka kuwa mwongozo wa kununua. Ukiitoa, huna namna ya kuchagua jeki.

Mhariri aliipitisha bila kugusa neno. Akaandika kwamba sasa imekaa vizuri zaidi, inamsaidia mnunuzi kuamua.

Jina langu halipo kwenye makala hiyo. Lipo jina la mtu mwingine na picha ya mzungu mwenye ndevu amesimama mbele ya gereji safi yenye sakafu ya kijivu inayong'aa. Sijui nani ameisoma. Labda kuna mtu mahali fulani alikuwa na milimita tisini na jeki ya mkasi, akafika kwenye ile namba ya stendi, akanyanyuka kwenda kuzipima. Sitajua, na mshahara wa kutojua ulishalipwa, dola 22.50.

Pesa zilipoingia ziligeuka kuwa shilingi elfu mbili mia saba na kitu. Nikaongeza za makala ya magodoro. Jeki ya chini ya elfu kumi na nne ilikuwa bado mbali, na Anko alisema ana mbao, haina haraka. Nilienda Kirinyaga Road nikamwambia muuzaji nataka stendi jozi moja. Akaniuliza tani ngapi. Nikamwambia tatu zinatosha, lakini anionyeshe zile zenye pini ya kupitisha kwenye tundu, na nikaomba futi nizipime zikiwa chini kabisa. Aliniangalia kama anayejaribu kukisia mimi ni fundi wa wapi.

Siku hizi stendi ziko sita pale gerejini, na gari la pili likija si lazima lingoje la kwanza. Wale vijana wawili wanaojifunza kazi kwa Anko wameanza kusukuma magari kabla ya kuingia chini, kiganja kwenye boneti, huku na huku, kama binamu. Hakuna aliyewafundisha. Mmoja wao nilimuuliza kwa nini anafanya hivyo, akainua mabega.

"Si ndivyo kazi inavyofanywa?"